Umbo la Makala kama Sehemu ya Ushahidi: Kutayarisha Makala ya Isimu kwa Jarida, kwa Mfano wa Data ya Ekegusii kutoka Ekerenyo

1.0 Utangulizi

Waandishi wengi huyasoma maelekezo ya mhariri baada ya kumaliza kuandika. Kwao maelekezo hayo ni kama adabu za mlangoni: mgeni huvua viatu, lakini aingiapo ndani ni yule yule. Namna ya kupanga mifano, kutaja vitabu, kuandika majina ya lugha na kuchagua herufi huhesabiwa kuwa ni kazi ya mpiga chapa, si kazi ya mtaalamu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo haifai, na kwamba inawadhuru zaidi wale wanaoandika juu ya lugha zenye maandishi machache. Anayeandika juu ya Kifaransa akikosea herufi moja katika mfano wake, msomaji atafungua kamusi na kumsahihisha. Anayeandika juu ya lugha ambayo data yake haipatikani kwingine hana mtu wa kumsahihisha. Kilichomo katika ukurasa ndicho kitakachobaki, na kilichoachwa kimepotea. Kwa hiyo umbo la makala ya isimu ni sehemu ya ushahidi wake.

Mifano yetu inatoka katika Ekegusii kama kinavyohusu mtafiti anayekusanya data yake Ekerenyo, katika Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Tumepachagua mahali hapa kwa sababu matatizo tunayotaka kuyaeleza yanajitokeza hapo waziwazi, hata katika jina lenyewe la Ekerenyo, kama tutakavyoona katika sehemu ya 4.0.

2.0 Jina la lugha na jina la mahali

Uamuzi wa kwanza wa mwandishi ni namna ya kuitaja lugha yake. Katika maandishi yaliyopo, lugha hii huitwa Kisii, Gusii, Kigusii au Ekegusii. Whiteley, aliyetoa kitabu chake cha utangulizi mwaka 1956 na uchambuzi wa nyakati za kitenzi mwaka 1960, alitumia Gusii. Cammenga, katika kazi yake ya fonolojia na mofolojia ya mwaka 2002, alitumia Ekegusii, yaani jina wanalolitumia wenyewe. Mwandishi ana hiari ya kuchagua, lakini akishachagua asibadilishe njiani. Tena katika aya ya kwanza ayataje majina mengine, pamoja na alama ya E42 katika uainishaji wa Guthrie na alama ya kimataifa guz. Asipofanya hivyo, msomaji anayetafuta Gusii hatayafikia makala yanayotaja Ekegusii peke yake.

Jina la mahali nalo lina historia. Maandishi ya enzi ya ukoloni huitaja nchi ya Abagusii ndani ya Wilaya ya Kavirondo Kusini. Ya baadaye husema Wilaya ya Kisii, na kaunti ya Nyamira ya leo inatokana na Katiba ya mwaka 2010. Mtafiti anayelinganisha data yake na data ya kale hana budi kueleza ni jina gani la zamani linalolingana na eneo lake la sasa. Haitoshi kuandika "data ilikusanywa Kisii". Ekegusii kina lahaja mbili zinazotambuliwa, Rogoro upande wa kaskazini na Maate upande wa kusini, na Ekerenyo iko katika eneo la Rogoro. Msomaji asipoambiwa hivyo anaweza kuichukua sifa ya lahaja moja akaihesabu kuwa ni kanuni ya lugha nzima.

3.0 Tahajia na herufi

Ekegusii kina irabu saba, lakini tahajia yake ya kawaida hutumia herufi tano tu. Herufi e husimama kwa irabu mbili, na herufi o vivyo hivyo. Katika Gikuyu, ambacho nacho kina irabu saba, tahajia huzipambanua zote kwa kutumia ĩ na ũ. Katika Ekegusii msomaji mzawa huipambanua irabu kwa kuijua lugha yake, lakini mtaalamu wa Nsukka au Leiden hawezi. Tena Ekegusii ni lugha ya toni, na toni haiandikwi katika tahajia ya kawaida.

Basi mwandishi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuitumia tahajia ya kawaida, na inafaa ikiwa hoja yake ni ya sintaksia au ya fasihi, ambako tofauti za irabu na toni hazibadilishi hitimisho. Ya pili ni kuandika kwa fonimu, akitumia ɛ na ɔ pamoja na alama za toni, na hiyo ni ya lazima ikiwa hoja inategemea sauti. Anayechambua nyakati za kitenzi asidhani kuwa hoja yake iko mbali na sauti: katika lugha nyingi za Kibantu tofauti ya wakati mmoja na mwingine hubebwa na toni. Njia yoyote atakayoifuata aitaje katika tanbihi ya kwanza. Kosa kubwa ni kuchanganya njia hizo mbili bila kusema, hata msomaji asijue kama herufi e katika mfano wa tano ina thamani ile ile iliyokuwa nayo katika mfano wa kwanza.

Katika miaka ya taipureta, mwandishi aliacha nafasi tupu akazichora herufi hizi kwa kalamu. Leo kompyuta inazo, lakini hatari haijaisha. Fonti za zamani zilizitia herufi za isimu mahali pa herufi nyingine, na maandishi yakifunguliwa katika mashine isiyo na fonti hiyo, ɔ hugeuka kuwa alama isiyo na maana. Mwandishi atumie fonti inayofuata mfumo wa Unicode, ambamo ɛ na ɔ zina nafasi zao maalumu. Akumbuke pia kwamba ɔ yenye toni ya juu huundwa na alama mbili zinazowekwa pamoja, na alama ya juu huweza kuhama au kupotea wakati wa kupanga kurasa. Dawa yake ni kumpelekea mhariri nakala mbili: moja inayoweza kuhaririwa, na nyingine ya PDF ambayo umbo lake halibadiliki, ili aweze kuzilinganisha.

4.0 Mpangilio wa mifano

Mfano wa lugha isiyojulikana na wasomaji wote huhitaji mistari minne: neno kama lilivyosemwa, mgawanyo wa mofimu, maana ya kila mofimu, na tafsiri nzima. Kwa mfano:

(1) ekerogo ekenene
e-ke-rogo e-ke-nene
KT-7-kiti KT-7-kubwa
"kiti kikubwa"

Hapa KT ni kitangulizi, yaani irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli, na 7 ni nambari ya ngeli. Kila kistari katika mstari wa pili lazima kiwe na kistari chake katika mstari wa tatu. Kanuni zinazofuatwa na majarida mengi ni zile za Leipzig, ambazo vifupisho vyake vimetokana na Kiingereza. Anayeandika kwa Kiswahili anaweza kuunda vifupisho vya Kiswahili, mradi avieleze vyote mahali pamoja.

Je, kwa nini tusiandike tu "ekerogo ekenene, yaani kiti kikubwa"? Tazama maneno yafuatayo:

(2) ekerogo "kiti"
(3) egetabu "kitabu"
(4) kogenda "kwenda"
(5) gokora "kufanya"

Kiambishi cha ngeli ya 7 ni eke- katika (2) na ege- katika (3). Kiambishi cha kitenzi-jina ni ko- katika (4) na go- katika (5). Hii ndiyo Kanuni ya Dahl: k ya kiambishi hugeuka kuwa g ikiwa konsonanti ya kwanza ya shina si ghuna, kama t na k. Shina likianza kwa sauti ghuna, k hubaki. Jina Ekerenyo lina eke- kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa r ni ghuna.

Sasa tumfikirie mhariri wa nakala asiyekijua Ekegusii. Anaona eke- mahali pamoja na ege- mahali pengine. Anadhani ni uzembe wa mwandishi, naye kwa nia njema anasawazisha: egetabu inakuwa eketabu. Ukurasa sasa ni nadhifu, na ushahidi wa kanuni ya sauti umefutika. Mstari wa mofimu, pamoja na tanbihi fupi inayosema kwamba eke- na ege- ni alomofu mbili za kiambishi kimoja, ungalimzuia. Mpangilio mzuri wa mfano humsaidia msomaji, na pia humkinga mwandishi dhidi ya wasaidizi wake.

5.0 Wasemaji, kibali na jina la mwandishi

Majarida mengi huwapelekea wakaguzi makala yasiyo na jina la mwandishi. Kulifuta jina chini ya kichwa hakutoshi ikiwa tanbihi inasema "kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu", au ikiwa jina limebaki katika taarifa za faili. Mwandishi ayataje maandishi yake kama angalivyoyataja ya mtu mwingine, na shukrani aziweke katika ukurasa wa pekee.

Wasemaji walioitoa data wanastahili ulinzi zaidi. Mahali kama Ekerenyo, kutaja umri, kazi na ukoo wa msemaji ni sawa na kumtaja kwa jina. Herufi moja, jinsia, na kundi la umri kwa miaka kumi kumi hutosha. Kibali cha utafiti, ambacho Kenya hutolewa na NACOSTI chini ya sheria ya mwaka 2013, kitajwe kwa nambari yake.

6.0 Ikisiri na marejeo

Ikisiri nyingi husema yale ambayo makala "yatajadili". Mhariri na msomaji wanataka kujua makala yamegundua nini. Sentensi moja ya tatizo, moja ya data na mahali pake, moja ya njia, na mbili za matokeo zinatosha.

Katika marejeo, kila kazi iliyotajwa iwe katika orodha, na kila iliyo katika orodha iwe imetajwa. Jarida litajwe kwa jina lililokuwa nalo mwaka huo. Jarida la Dar es Salaam lililotokana na taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 liliitwa Swahili kabla ya kuitwa Kiswahili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyokuwa ikilitoa iliingizwa katika TATAKI mwaka 2009. Anayeyasawazisha majina haya yote kuwa jina la leo humpeleka msomaji kwenye rafu isiyo na kitabu.

7.0 Hitimisho

Whiteley alifariki mwaka 1972. Anayezisoma leo kazi zake juu ya Gusii hawezi kumwuliza mfano fulani ulitoka kwa nani, wala sauti fulani ilikuwa ipi. Anayo kurasa tu. Wazee wanaotupa data yetu leo nao hawatakuwapo miaka hamsini ijayo, na huenda baadhi ya maneno yao pia yasiwepo. Mtafiti wa wakati huo atategemea herufi tulizozichagua, mistari tuliyoipanga na majina tuliyoyataja. Kwa sababu hiyo maelekezo ya mhariri yafaa kusomwa mapema, kabla ya kwenda kukusanya data, ili mtafiti ajue tangu mwanzo ni nini atakachotakiwa kukithibitisha.