Wa Kwanza wa Nepal: Teke Lililohesabiwa

Nepal ina Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Nayo imeshiriki Olimpiki tangu 1964. Lakini kwa miaka 60, ukipitia orodha rasmi za medali za Olimpiki na Paralimpiki, hukuti jina lake popote. Aliyekuja kuliandika ni binti wa Kathmandu, Palesha Goverdhan, na aliliandika kwa mateke.

Kabla yake alikuwapo Bidhan Lama. Seoul, 1988, alivishwa medali ya shaba ya taekwondo, wa kwanza kuipata Olimpiki akiiwakilisha Nepal. Ila mwaka ule taekwondo ilikuwa mchezo wa maonyesho tu. Ilikuja kuwa mchezo rasmi Sydney, mwaka 2000. Medali za maonyesho hazihesabiwi. Jambo hili huniuma kila nikilikumbuka: mtu kapigana, kashinda, kapanda jukwaani, halafu jedwali linasema sifuri.

Katika taekwondo hiyo hiyo, Sangina Baidya naye ana lake. Wanamichezo wa Nepal walizoea kwenda Olimpiki kwa nafasi za upendeleo zinazotengewa nchi ndogo kimichezo. Yeye alikwenda Athens 2004 kwa kufuzu, wa kwanza nchini mwake. Na Deepak Bista alitwaa dhahabu nne mfululizo za Michezo ya Asia Kusini, 1999 hadi 2010.

Turudi kwa Palesha. Ana ulemavu wa mkono, hivyo hupigana katika daraja la K44. Huko ngumi haina pointi na teke la kichwani ni marufuku. Kila pointi hutafutwa kwenye kiwiliwili cha mpinzani: teke la kawaida mbili, la kugeuka tatu, la kuzunguka mwili mzima nne. Taekwondo ilipoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 2021, alikuwapo. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akaanza upya mazoezi.

Paris, 30 Agosti 2024, chini ya paa la vioo la Grand Palais, uzani wa kilo 57. Pambano la shaba lilimkutanisha na Mserbia Marija Mićev, na Palesha akashinda. Ilikuwa shaba, kama ile ya Bidhan Lama miaka 36 nyuma, na safari hii jedwali likasomeka: Nepal, 1.