Nyasi za Djugu Zinazomshinda Bingwa wa Gofu

Mwaka 2028 wachezaji bora wa gofu duniani watakutana katika uwanja wa Riviera, mjini Los Angeles, kugombea medali za Olimpiki. Atakayekosea shabaha hatazama kwenye nyasi za Kimarekani. Atazama kwenye nyasi za kikuyu, mmea wa nyanda zetu za juu, uleule ambao mtoto anayechunga ng'ombe kati ya Kpandroma na Rethy, wilayani Djugu, kaskazini mwa Bunia, mashariki mwa Kongo, anaukanyaga kila siku akienda malishoni. Kpandroma si mji wa gofu. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini nyasi hizi zinawashinda watu wanaolipwa mamilioni ya dola kwa kupiga mpira, aanzie kwenye vilima kama vya Djugu, kwa ng'ombe.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mchezaji hupiga kwa fimbo mpira mdogo, wenye kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, mpaka uingie kwenye shimo lililo mamia ya mita mbele yake. Katikati kuna njia pana iliyofyekwa chini kabisa. Kandokando ya njia huachwa nyasi ndefu kwa makusudi, ziwe adhabu ya aliyekosa mwelekeo. Mpira ukipotelea humo, kanuni za tangu 2019 zinampa mchezaji dakika 3 tu za kuutafuta. Zamani alikuwa na 5. Asipouona anaongezewa pigo la adhabu na kurudi alikopigia. Akiuona, hapo ndipo kazi inapoanza.

Si kila nyasi ndefu inatisha. Zile zinazoota kwa mafungu, kama nyingi za savana, huacha nafasi kati ya fungu na fungu, na fimbo hupenya. Kikuyu haiachi nafasi. Ni mmea utambaao: mashina yake hujinyoosha juu ya ardhi na mengine chini yake, na kila kifundo kinachogusa udongo unyevu hutoa mizizi na chipukizi jipya. Shina moja hupita juu ya jingine, la tatu hupanda juu ya hayo mawili, na baada ya misimu michache ya mvua kunatokea godoro la mashina yaliyosukana, bichi juu na la manjano chini. Likiachwa bila kukatwa wala kuliwa linaweza kuwa nene kupita goti la mtoto. Mpira ukiangukia hapo hupenya majani ya juu, ukakwama katikati, hauko ardhini wala hauko juu.

Wataalamu wa mimea waliuita Pennisetum clandestinum, jina lililochapishwa na Mwitaliano Emilio Chiovenda mwaka 1903. Siku hizi umehamishiwa jenasi ya Cenchrus. Maua yake yamejificha ndani ya ala za majani, karibu kabisa na ardhi, na kinachojitokeza ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizobeba chavua. Tena huchanua zaidi unapoliwa au kukatwa chini. Mbegu nazo hukaa hukohuko chini, na ng'ombe akizimeza pamoja na majani, nyingine hupita tumboni mwake zikiwa hai na kuota kwenye samadi mahali pengine.

Ukitafakari umbo hilo utaona kwamba mmea huu umeumbika ukitegemea meno. Sehemu yake inayokua iko chini, ambako ulimi wa ng'ombe au wa nyati haufiki. Akiba yake ya chakula iko kwenye mashina yaliyolala. Mwaka 1984 mwanasayansi Mmarekani Samuel McNaughton, aliyechunguza nyasi za Serengeti kwa miaka mingi, alieleza kwamba makundi ya wanyama yanayorudi kula mahali palepale huzifanya nyasi ziwe fupi, zilizobanana, zenye chakula kingi zaidi katika kila tonge. Wanyama wakizuiwa kwa uzio, nyasi hurefuka na kuchakaa, na zile za kutambaa huanza kushindwa na zilizo ndefu. Mimi nasoma kazi hiyo hivi: nyasi ndefu za uwanja wa gofu ni malisho yaliyonyimwa mnyama. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwenye pwani ya Uskoti yenye mchanga, ambako kondoo na sungura ndio waliokuwa mafundi wa kufyeka. Pale walipokula ndipo palipopigika mpira.

Sasa tuingize fimbo ndani ya godoro hilo. Mchezaji wa kulipwa anayeshika fimbo ya chuma namba 7 huileta kwa kasi ya karibu kilomita 145 kwa saa. Uso wa fimbo unagusana na mpira kwa muda wa nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mifereji midogo iliyochongwa usoni mwa fimbo hulishika ganda la mpira na kuuzungusha kinyumenyume, karibu mizunguko 7,000 kwa dakika. Mzunguko huo ndio unaoubeba mpira hewani, na ndio unaousimamisha unapotua. Jani la kikuyu likiingia kati ya chuma na ganda, hesabu yote inavurugika. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Likipondwa linatoa utelezi unaojaza mifereji. Mpira unatoka na mzunguko mdogo, unakwenda mbali kuliko alivyokusudia mpigaji, na ukitua haukai, unakimbia. Ndiyo maana bingwa aliye kwenye nyasi fupi za pembeni huogopa kupitiliza kuliko kupungukiwa.

Nyasi zikiwa ndefu zaidi, hatari inahama kutoka usoni mwa fimbo kwenda shingoni. Shingo ndipo mpini unapokutana na kichwa, na iko upande wa ndani, karibu na mchezaji. Kabla kichwa hakijaufikia mpira, mashina ya kikuyu yanajiviringisha kwenye shingo hiyo na kuichelewesha, huku ncha ya nje ikiendelea na kasi yake. Kichwa kinageuka, uso unajifunga, na mpira wa anayepiga kwa mkono wa kulia unakwenda kushoto na chini, mara nyingi ndani zaidi ya nyasi zilezile. Nguvu haimsaidii sana mtu hapa, kwa sababu mashina ya kikuyu yameshikamana na mizizi katika vifundo vingi: huvuti shina moja, unavuta kipande cha uwanja. Mwaka 2010 vyombo viwili vinavyotunga kanuni za gofu, USGA ya Marekani na R&A ya Uskoti, vilipunguza ujazo wa mifereji ya fimbo na ukali wa kingo zake, maana mabingwa walikuwa wameacha kuziheshimu nyasi za pembeni. Kwenye kikuyu ndefu heshima haikuhitaji kanuni.

Namna ya kujinasua inatokana moja kwa moja na mambo hayo. Mchezaji huchagua fimbo fupi yenye uso uliolala zaidi, kwa kuwa ni nzito kichwani na inaingia kwa pembe kali, ikikutana na majani machache kabla ya mpira. Hukaza mkono ulio juu ya mpini ili shingo isigeuke, na huufungua uso wa fimbo kidogo tangu mwanzo, akijua nyasi zitaufunga. Kisha hulenga njia ya karibu zaidi ya kurudi kwenye nyasi fupi, hata kama ni ya pembeni. Uamuzi huu wa mwisho ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, na ndio mgumu, kwa sababu bendera iko mbele na macho yanaitamani. Mpira uliokaa juu ya majani magumu una mtego mwingine: ukichimba, fimbo inapita chini yake na mpira unaanguka palepale. Na karibu na shimo, usijaribu kuuviringisha mpira juu ya kikuyu. Majani yake magumu yanausimamisha kama umegonga ukuta. Lazima urushwe. Waliokulia kwenye viwanja vya Nairobi, kama Muthaiga na Karen, wanalijua hilo tangu utotoni, maana huko kikuyu iko nyumbani.

Safari ya mmea huu kutoka kwetu inaeleweka kwa urahisi: wakoloni walitafuta malisho. Ulifika Afrika Kusini kabla ya Vita Kuu vya Kwanza. Mwaka 1919 mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo ya Ubelgiji, na katika Kongo vilima vyenye ubaridi unaoufaa viko huku mashariki. Kufikia miaka ya 1920 ulikuwa California, ulikopandwa kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko na kingo za mifereji. Haukukaa ulipowekwa. Leo serikali ya Marekani imeuorodhesha miongoni mwa magugu haribifu, na papo hapo viwanja vya gofu vinautunza kwa mashine za gharama kubwa. Hata uwanja wa Chapultepec ulio pembezoni mwa jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, umetandazwa kikuyu.

Kwenye vilima vya Djugu, vingi vikikaribia au kuvuka mita 2,000, katika mgongo unaogawa maji ya mto Kongo na ya Nile, mmea huohuo una sura mbili. Kwa mfugaji ni maziwa. Kwa mkulima wa maharagwe na viazi ni adui anayestahili hadhari, kwa sababu kila kipande kinachokatwa na jembe, kikiwa na kifundo kimoja tu, kinaota upya. Anayelima kwa pupa anapanda kikuyu zaidi. Dawa ni kuung'oa na mashina yake ya chini, kuyakung'uta udongo na kuyaanika kwenye jua kali mpaka yakauke kabisa kabla ya kupanda. Na kwenye mteremko mkali afadhali usiguswe: mizizi yake ndiyo inayozuia udongo usishuke bondeni na mvua.

Tangu ghasia zilipoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, familia nyingi mno zimehama na mifugo mingi imeporwa. Malisho yasiyo na ng'ombe hayabaki vilevile. Yanajirundika, yanakuwa mazito chini na makavu, na mwenye kurudi anakuta kazi ya sulubu kabla hata ya kununua ndama. Ni heri kurudisha mifugo kwa awamu, nyasi zikatwe kwanza na machipukizi machanga yasubiriwe, kwani ng'ombe hapendi majani yaliyozeeka.

Liko jambo moja zaidi linalohitaji watafiti. Kikuyu ya viwanja vya ng'ambo na ya malisho mengi ya kigeni imetokana na vianzio vichache, na nyingine haitoi chavua kabisa, hupandwa kwa vipandikizi tu. Magonjwa yanayoigeuza manjano yanaisumbua huko Australia. Uanuwai wa asili, mimea inayotofautiana kwa kimo, upana wa jani na ustahimilivu wa ukame, uko kwenye vilima vilivyoanzia Eritrea na Ethiopia mpaka kwetu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Nioka, katika wilaya jirani ya Mahagi, kina historia ya kazi ya mifugo na malisho tangu enzi za Wabelgiji. Kukusanya vipandikizi kilima kwa kilima, kuvipanda mistari kwa mistari na kuvipima hakuhitaji maabara ya gharama. Kunahitaji usalama barabarani, mshahara unaolipwa kwa wakati, na wafugaji wa makabila ya Walendu, Wahema na Alur wakiulizwa ni nyasi za kilima kipi ng'ombe wao huzikimbilia kwanza.