Siku mbili Bruxelles

Vijana wengi wa huku Kolwezi na Likasi wanafikiri kama Ulaya ni pahali pa kupiga picha tu. Mimi pia nilifikiri hivyo. Nilikuwa mwanafunzi kule Lille, Ufaransa ya kaskazini, na mwisho wa juma moja nilipanda bisi kwenda Bruxelles, maana bei ya treni ilipita nguvu zangu. Mfukoni: euro 60, mikate miwili, na namba ya telefone ya mama mmoja aliyeimba zamani katika kwaya ya parokia yetu.

Siku ya posho asubuhi nilianza na ile sanamu ya mtoto anayekojoa, yenye kujulikana dunia nzima. Ni sentimetre 55 tu! Nilisukumana na watalii kwa kuona kitu kidogo hivyo. Nilicheka peke yangu.

Kisha Matonge, katika komini ya Ixelles. Jina hilo lilitoka kartieri ya Kinshasa. Kuko masalon ya nywele, makayabu, na sombe yetu, ambayo wao wanaita pondu. Karibu na pale, Porte de Namur, tangu tarehe 30 Juni 2018 kuko uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Ni mdogo, lakini jina limeandikwa.

Mama alinipokea na bukari ya moto.

– Eh, mwana, umekuya na ka koti haka tu? Baridi itakuua!

Alinivalisha koti ya bwana yake, ikafika mpaka kwenye magoti. Usiku, wakati nilipojilaza kwenye divani, aliniambia:

– Kesho kisha Misa, wende Tervuren. Lakini usikimbilie mizé. Anza kwa kanisa.

Siku ya Mungu nilipanda tramu 44 kule Montgomery. Inapita katikati ya pori, miti mirefu huku na huku. Pembeni ya kanisa la Mtakatifu Yoane wa Tervuren niliona makaburi saba, mstari mmoja. Mwaka 1897, wakati Kongo ilikuwa ingali mali ya mfalme Léopold II, Wakongo 267 waliletwa kwa maonyesho makubwa. Walijengewa vijiji katika bustani ya pale ili Wabelgiji waje kuwaangalia. Saba walikufa, mbali na kwao. Nilifunga vizuri ile koti ya kuazimwa. Nilisali Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa sauti, ingawa watu walipita.

Ndipo nilikwenda mizé. Ilifungwa miaka mitano kwa kutengenezwa, ikafunguliwa tena Desemba 2018. Katika chumba kimoja, ukutani, kuko majina ya Wabelgiji zaidi ya 1.500 waliokufa Kongo. Freddy Tsimba, fundi wa sanamu wa Kinshasa, aliandika majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao vinaangukia yale ya ukutani. Siku ile mawingu yalifunika jua. Nilingojea karibu saa nzima, halafu likatokea kidogo. Niliona.

Pia kuko malakiti ya Katanga, ya kijani, ndani ya kioo, na taa juu yake. Sisi watoto tulikuwa tunayatupia maembe.

Mangaribi, ndani ya bisi, nilimpigia baba telefone. Yeye alitumika shimoni miaka mingi, nilifikiri atafurahi kusikia habari ya malakiti.

– Hayo majiwe ninayajua, alisema. Bale bantu saba, majina yabo uliandika?

Nilikuwa nimeyaandika mgongoni mwa tiketi. Nilisoma polepole: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Baba alirudilia kila jina nyuma yangu. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama nimekula.