Dawa Iliyotangulia Ugonjwa

Sokoni Chwele, Bungoma, mnunuzi mzoefu wa asali hutoa kiberiti kabla ya kutoa pesa. Huchovya kichwa cha njiti ndani ya chupa, akakipangusa kidogo, akakikwaruza. Njiti ikiwaka, asali ni safi. Ikigoma, muuzaji ametia maji, na mabishano ya bei yanaanza upya. Jaribio lenyewe si la kutegemea sana, maana linapima maji tu. Mjanja aliyechemsha sukari guru hadi ikawa nzito atalipita akicheka. Lakini hapa chini ya Mlima Elgon, kati ya mafungu ya vitunguu na mikungu ya ndizi, hiyo ndiyo maabara tuliyo nayo.

Liko jaribio jingine la njiti, ambalo wafugaji wa nyuki huko Marekani, Ulaya na New Zealand hulifanya moyo ukiwadunda. Wao hawachovyi katika asali. Hutoboa kifuniko cha kitundu cha sega alimolala jana (jana wa nyuki, si ile siku iliyopita), wakazungusha njiti ndani, kisha wakaivuta polepole. Jana mzima ni mweupe, mnene, anang'aa. Njiti ikitoka na ute wa kahawia unaovutika kama murere, tena wenye harufu ya kitu kilichooza, mfugaji hahitaji kuambiwa zaidi.

Ugonjwa huo ni kuoza kwa majana, ule wa aina iitwayo ya Kimarekani. Jina limetokana na mahali ulipochunguzwa mwanzoni mwa karne ya 20, wala si mahali ulipozaliwa. Unaletwa na bakteria aitwaye Paenibacillus larvae, na ujanja wake wote umo katika spora, yaani mbegu ngumu anazojifungia ndani hali ikiwa mbaya. Jana wa siku moja akilishwa spora kama 10 tu, anaweza kuambukizwa. Zinamea ndani ya utumbo wake, bakteria wanazaana, wanatoboa ukuta wa utumbo na kumla mwili mzima mpaka akageuka ule ute. Baadaye ute hukauka ukawa gamba jeusi lililoganda chini ya kitundu, na gamba moja hubeba spora zinazohesabika kwa mabilioni. Nyuki wafanyakazi, ambao kazi yao ni usafi, hujaribu kulikwangua kwa vinywa vyao. Kisha kwa vinywa hivyo hivyo huenda kuwalisha majana wengine.

Spora hizo hukaa hai zaidi ya miaka 35. Hazijali ukame, na joto la kawaida haziliogopi. Ndiyo maana New Zealand sheria haina huruma: kundi likigundulika kuwa na ugonjwa, nyuki huuawa na masega yao kuchomwa moto. Marekani walichagua njia nyingine tangu miaka ya 1950, ya kuwapa nyuki antibiotiki aina ya oksitetrasaiklini. Dawa hiyo huua bakteria aliye macho, lakini spora iliyolala haiigusi. Ukiacha kuitumia, ugonjwa unaamka. Ukiendelea, bakteria wanaizoea, na mabaki yake yanaingia katika asali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walionyesha mwaka 2017 kwamba tetrasaiklini huwaua pia bakteria wema wa tumboni mwa nyuki, na nyuki waliopewa dawa hiyo walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Mwaka huo huo Marekani ikaanza kudai cheti cha daktari wa mifugo kabla ya mfugaji kununua antibiotiki za nyuki.

Hapo ndipo virusi vinapoingia. Nasema virusi nikijua neno hili limechafuka tangu 2020, lakini hivi vina adui mmoja tu, naye ni bakteria. Mwingereza Frederick Twort aliona dalili zake mwaka 1915. Félix d'Hérelle akiwa Paris aliandika kuvihusu mwaka 1917 na kuvipa jina la bakteriofaji, yaani walao bakteria. Tufupishe tuseme faji. Mwaka 1923 George Eliava alianzisha taasisi mjini Tbilisi, Georgia, na huko faji wamekuwa wakitibu vidonda na matumbo ya watu hadi leo, wakati nchi nyingi ziliwasahau baada ya penisilini kupatikana.

Faji hana mdomo wala tumbo, kwa hiyo huko "kula" ni namna ya kusema tu. Ni kifurushi cha vinasaba chenye kichwa na, mara nyingi, mkia. Mkia hutafuta alama fulani kwenye ngozi ya bakteria, kama ufunguo unavyotafuta kitasa chake. Ukishaipata, vinasaba husukumwa ndani, na bakteria anageuzwa kiwanda: anaacha shughuli zake na kuanza kuunda faji wengine, kwa makumi. Mwishowe faji hutengeneza kimeng'enya kinachoyeyusha ukuta, bakteria anapasuka, na wana wa faji wanatoka kutafuta mwingine. Alama isipokuwepo, hakuna kinachotokea. Nyuki hana alama hiyo, mlaji wa asali hana, hata bakteria wema wa tumboni mwa nyuki hawana.

Faji wa kutibu nyuki walitafutwa mahali ambapo ungetarajia: udongo wa karibu na mizinga, masega, na nyuki wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, waliwapata hata katika mafuta ya midomo ya dukani yaliyotengenezwa kwa nta. Ukifikiri, si ajabu. Palipo na nta pamekuwa na nyuki, na palipo na bakteria wa nyuki, adui yake hayuko mbali.

Jaribio lililowatia watu moyo zaidi lilifanywa na kikundi cha Brigham Young University, jimboni Utah, na kuchapishwa 2017. Walikusanya aina 59 za bakteria huyo kutoka mashambani, wakachagua faji watatu ambao kwa pamoja waliweza kuziua zote, wakawachanganya na kuwapa nyuki. Katika mizinga iliyokuwa hatarini, yote iliyopata mchanganyiko ilinusurika, ilhali asilimia 80 ya ile iliyoachwa bila kitu iliugua. Mizinga iliyokwisha kuugua ilipona yote ndani ya wiki mbili. Watafiti wenyewe walikiri kwamba mizinga ilikuwa michache, na mimi ningewasihi wasomaji walishike neno hilo kabla ya kuzishika zile asilimia.

Kwa sababu wengine walipojaribu, haikuwa hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za faji waliyemwita HB10c2. Maabarani aliwaua bakteria vizuri, wala hakuwadhuru nyuki. Alipopewa majana walioambukizwa, waliendelea kufa kama kawaida. Ndani ya sahani ya kioo faji na bakteria wanakutana uso kwa uso. Ndani ya jana kuna vikwazo. Maziwa ya nyuki, yale anayolishwa jana siku zake za kwanza, ni makali kwa uchachu, na uchachu huo huwalemaza faji kabla hawajafika utumbo ulipo. Tena, faji wengi wa bakteria huyu ni wale wenye tabia ya kuhamia: badala ya kumpasua mwenyeji, hujificha ndani ya vinasaba vyake na kuishi naye kwa amani. Mpangaji wa namna hiyo hafai kuwa dawa, hata anaweza kumgawia bakteria silaha mpya. Na spora? Faji naye haziwezi. Anahitaji kiwanda kinachofanya kazi, na spora ni kiwanda kilichofungwa milango. Kwa hiyo hata mtetezi mkubwa wa faji hatakuambia utupe kiberiti: masega yaliyojaa magamba bado ni ya kuchomwa.

Sasa turudi Chwele, maana kuna jambo la ajabu. Ingemar Fries wa Sweden na Suresh Raina wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, waliandika mwaka 2003 kuhusu asali iliyopimwa kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na matokeo yalielekea kuonyesha kwamba katika sehemu kubwa ya eneo hili ugonjwa huu haukuwepo. Miaka kadhaa baadaye ukazuka Afrika Kusini, katika jimbo la Western Cape, ukathibitishwa mwaka 2009. Utitiri varroa, kimelea wa nyuki anayewatesa wafugaji duniani kote, alitambuliwa Kenya mwaka huo huo wa 2009. Mtafiti Elliud Muli na wenzake walipozunguka nchi mwaka uliofuata walimkuta karibu kila mahali, lakini makundi ya nyuki hayakuonekana kudhoofika.

Nyuki wetu ana nini? Wa mabondeni ni mkali na mhamaji; wa juu mlimani, mweusi na mpole zaidi, anaitwa Apis mellifera monticola. Mwaka 1989 wafugaji kutoka Sweden, akiwemo Erik Österlund, walikuja Elgon kumtafuta huyo wa mlimani, na kizazi chake kilichochanganywa na nyuki wa Ulaya bado kinafugwa huko kikiitwa nyuki wa Elgon. Wazungu walikuja kwetu kutafuta afya ya nyuki, jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa katika baraza lolote Bungoma.

Nilimuuliza mzee mmoja anayeleta asali ya mizinga ya magogo kutoka upande wa mlima: "Nyuki wako wakiugua, mzee, unafanyaje?"

"Wanahama, mwanangu."

"Na mzinga?"

"Nondo wanamaliza masega. Nausafisha kwa moto, nautundika tena, wanakuja wengine."

Methali hutuambia tufuate nyuki tule asali. Ukimfuata huyu wa kwetu utatembea sana. Lakini kuhama huko kunaacha nyuma masega machafu, na moto wa mzee unafanya, bila jina la kisayansi, kile ambacho New Zealand wanakilazimisha kwa sheria.

Wasiwasi wangu uko kwenye mzinga wa kisasa. Mzinga wa Langstroth, wenye fremu za kuchomoka, umesambazwa sana kwa vikundi vya wanawake na vijana magharibi mwa Kenya, na faida yake ni kwamba masega hutumika mwaka baada ya mwaka, huhamishwa kutoka mzinga hadi mzinga, huuzwa yakiwa mitumba. Kila kinachomfaa mfugaji hapo kinaifaa spora pia.

Uzuri ni kwamba ujuzi wa faji haupo Utah peke yake. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, imekuwa ikitafuta faji wa kupambana na salmonela ya kuku. Atunga Nyachieo amewachunguza akiwa katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani na Kima, Karen. Jesca Nakavuma amefanya hivyo Makerere. ICIPE ina maabara ya afya ya nyuki ya kuhudumia bara zima. Atakayemtafuta faji wa kuwakinga nyuki wa Elgon hana haja ya kupanda ndege.

Nilijaribu kumweleza mzee habari hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wengi hawaliulizi: ugonjwa ukishakwisha mzingani, hao virusi watakula nini?

"Hawatakuwa na cha kula, mzee."

"Basi nao watahama."

"Hawana mabawa. Wataisha."

Alicheka, akamgeukia mteja aliyekuwa amekwisha kutoa kiberiti.