Filamu humleta mgeni, nani atamlisha?

Mkulima mmoja wa kondoo alikuwa nyumbani kwake siku ya Jumamosi akitazama mpira wa raga kwenye televisheni, mara mlango ukabishwa. Nje alisimama mtu asiyemfahamu, akaomba ruhusa ya kutembea shambani na kuangalia vilima. Familia hiyo imesimulia mara nyingi kwamba mgeni huyo hakupokewa kwa furaha sana, kwa sababu mechi ilikuwa haijaisha.

Hiyo ilikuwa Septemba 1998, karibu na mji mdogo wa Matamata katika kisiwa cha kaskazini cha New Zealand. Mgeni alitumwa na mtengeneza filamu Peter Jackson, ambaye watu wake walikuwa wameliona shamba hilo kutoka angani. Walikuwa wanatafuta mahali pa kupigia picha za The Lord of the Rings, na walivutiwa na vilima vya majani mabichi, mti mkubwa kando ya ziwa dogo, na kutokuwepo kwa nguzo za umeme wala barabara ya lami kokote macho yalikofika.

Kwa msomaji ambaye hajaiona filamu hiyo, ni hadithi ya viumbe wafupi wanaopenda kula, kulima bustani na kukaa nyumbani, ambapo mmoja wao analazimika kufunga mzigo na kuanza safari ndefu sana. Ni filamu ya kutia moyo, na inamwacha mtazamaji akitamani naye kuziona zile nchi. Sehemu ya kwanza ilitoka Desemba 2001, na ya tatu ilizoa tuzo 11 za Oscar mwaka 2004.

Nimeichagua kwa sababu mandhari iliyouzwa pale ni shamba. Familia ya Alexander ilikuwa na ekari zipatazo 1,250, maelfu ya kondoo na mamia ya ng'ombe wa nyama aina ya Angus. Jeshi la nchi hiyo lilisaidia kuchonga barabara ya kilometa moja na nusu kuingia shambani. Zikajengwa nyumba 39 za kuchimbwa kilimani, nyingi zikiwa mlango na ukuta wa mbele tu, kwa mbao nyepesi ambazo hazikukusudiwa kudumu. Upigaji picha ulianza Desemba 1999 ukachukua kama miezi mitatu, kisha wenye filamu wakaanza kubomoa.

Mvua ikawakatisha. Kuta 17 tupu za mbao zikabaki zimesimama kilimani, na hapo ndipo habari inapomhusu mfanyabiashara. Watu walianza kuja kuziangalia. Mwaka 2002 familia ikaanzisha ziara za kulipia, mwanzoni ikiwaonyesha wageni hizo mbao pamoja na kondoo. Filamu za The Hobbit zilipohitaji kijiji kilekile, kilijengwa upya kwa vifaa vya kudumu kuanzia mwaka 2010 hivi, kwa makubaliano kwamba safari hii hakitabomolewa. Mwaka 2012 ikafunguliwa baa kama ile iliyomo kwenye hadithi.

Shamba halikuuzwa. Kondoo bado wanachungwa mita chache kutoka kwa wageni, na ndio wanaofanya vilima vionekane vimenyolewa kama kwenye filamu. Bei ya sufu nzito ya New Zealand imekuwa dhaifu kwa miaka mingi, hivyo familia nyingi za wafugaji zimelazimika kutafuta kipato cha pili. Hawa walikipata kwenye majani yaleyale, bila kuacha cha kwanza.

Vilevile, bia na vinywaji vya tangawizi vinavyouzwa kwenye baa hiyo vinatengenezwa na kiwanda kidogo cha Good George cha mji jirani wa Hamilton, kwa mapishi ya mahali hapo peke yake. Mgeni hawezi kuvikuta nyumbani kwao. Baadhi ya mabasi ya wageni huanzia mjini Matamata, mji ambao kabla ya hapo ulijulikana kwa maziwa na farasi wa mashindano, na mtu anayesubiri basi lazima atanunua hata kikombe cha chai.

Tusidanganyane lakini. Filamu hupigwa kwenye mashamba mengi duniani na mengi hayapati kitu zaidi ya ada ya siku chache na geti lililovunjwa na malori.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Out of Africa ya mwaka 1985, iliyochezwa na Meryl Streep na Robert Redford. Ile ni hadithi ya shamba la kahawa. Karen Blixen kutoka Denmark alilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, nje ya Nairobi, kuanzia mwaka 1914 hadi 1931 alipofilisika. Eneo lilikuwa juu mno kwa kahawa, ukame na bei mbaya zikamaliza kazi. Filamu ilipata tuzo ya filamu bora, na mwaka 1986 nyumba yake ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wageni wakaja Kenya wakitafuta ndege ndogo, mahema meupe na machweo ya jua. Shamba lenyewe lilikuwa limeshageuka mtaa wa matajiri unaoitwa Karen. Kwa maneno mengine, filamu kuhusu kahawa iliuza karibu kila kitu isipokuwa kahawa, na mkulima mdogo wa Nyeri au Kiambu sidhani kama aliiona tofauti yoyote kwenye malipo yake ya chama cha ushirika.

Sideways ya mwaka 2004 ilifanya kinyume. Marafiki wawili wanazunguka bonde la Santa Ynez huko California wakionja mvinyo; mmoja anaisifu zabibu aina ya pinot noir na kuikataa kabisa merlot. Basi wanywaji wakaanza kuiga. Uchunguzi wa mauzo uliofanywa baadaye na wachumi ulionyesha kwamba pinot noir ilipanda kweli, hasa ya bei kubwa, na kwamba merlot iliumia kidogo kuliko ilivyokuwa ikisemwa mitaani. Mkulima aliyeng'oa merlot kwa hofu alikuwa na miaka kadhaa ya kusubiri miche mipya izae sawasawa. Wenzetu wa Dodoma wanaolima zabibu wanajua maana ya kusubiri mzabibu huku mkopo unaendelea kudai.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania si mgeni wa mambo haya. Hatari! ya John Wayne, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, na mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momella, chini ya Mlima Meru, hata akanunua eneo na kuishi huko miaka kadhaa. Leo pale pana loji yenye jina la filamu hiyo. Aprili 2022 ikazinduliwa The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mwandishi wa Marekani Peter Greenberg katika vivutio vya nchi. Ilionyeshwa kwanza New York, kisha Arusha mwezi huohuo.

Takwimu za wageni zinajulikana. Mwaka 2019 walikuja kama milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya corona, wakashuka hadi kama laki 6.2. Mwaka 2021 wakafika laki 9.2, mwaka 2022 milioni 1.45, mwaka 2023 milioni 1.8, na mwaka 2024 wakavuka milioni 2.1. Wapo wanaoipa filamu sifa yote. Mimi siwezi, kwa sababu kupanda kulianza mwaka 2021 kabla filamu haijaonyeshwa, dunia nzima ilikuwa inafungua mipaka, na ndege zilikuwa zinarudi. Kwamba imesaidia, hilo nakubali, ila kiasi gani hasa hakuna mizani ya kukipimia.

Lakini kwa mkulima hilo si swali la kumnyima usingizi. Mgeni amekuja, kwa filamu au kwa kusimuliwa na shangazi yake. Swali ni nani anamlisha.

Tuchukue kalamu na karatasi. Tuseme loji ina vitanda 40 na kwa wastani 24 vina watu. Kila mgeni akila viazi gramu 200 kwa siku, jikoni zinahitajika kilo 4.8. Kwa wiki ni kilo 34 hivi, yaani gunia la kilo 100 linakaa siku 20. Kwa mwaka mzima loji hiyo inamaliza chini ya tani mbili, mavuno ambayo nusu ekari iliyotunzwa vizuri inaweza kuyatoa. Ndugu msomaji, ukisikia wageni wameongezeka ukapanda ekari tano za viazi kwa ajili ya loji moja, utaishia kwa dalali na lumbesa yake kama kawaida.

Mbaya zaidi, nusu ekari hiyo inakomaa kwa mpigo, wakati mpishi anataka kilo 34 kila Jumatatu, zenye ukubwa mmoja, zisizo na kijani wala kovu la jembe. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Soko lipo, ila ni soko la kidogo kidogo kwa muda mrefu, na shamba la mtu mmoja halikuzoea kuzaa hivyo. Watu kumi waliopishana wiki mbili mbili katika kupanda wanaweza, mradi wakubali kuchagua mazao yao kwa kipimo kimoja na kumtuma mtu mmoja kupeleka.

Mayai ni rahisi zaidi. Wageni 24 wakila mayai mawili kila asubuhi ni mayai 48, trei moja na nusu na kitu. Kuku 60 wanaotaga kwa asilimia 80 wanatosha, uwe nao 70 kwa usalama. Hiyo ni kazi ya banda moja nyuma ya nyumba.

Kuna jiko lingine ambalo filamu hazilionyeshi kamwe, nalo ni jiko la wafanyakazi. Loji ya wageni 24 inaweza kabisa kuwa na wafanyakazi 40 wanaolala hapohapo. Wakila unga nusu kilo kila mmoja, ni kilo 20 kwa siku na kilo 600 kwa mwezi. Maharage ya gramu 100 kila mtu ni kilo 120 kwa mwezi. Linganisha na vile viazi vya wageni! Na jikoni huko hakuna anayepima ukubwa wa haragwe kwa rula. Wanataka yawe makavu, safi, hayana wadudu na yafike kwa wakati. Kwa mkulima mdogo anayeanza, mlango huo wa nyuma ni mpana kuliko wa mbele, tena hufungui daftari jipya la mbegu za majani ya saladi usizozijua.

Upo pia mgeni anayelipa kuona kazi yenyewe. Kule Materuni, mteremko wa Kilimanjaro, wageni wanachuma kahawa, wanaikaanga, wanaitwanga kwenye kinu na kuinywa palepale. Zanzibar wanatembezwa kwenye mashamba ya viungo kama Kizimbani, wakinusa majani ya mdalasini na kukisia jina la tunda. Kikombe kimoja kwa njia hiyo kinamwingizia mkulima fedha nyingi kuliko kahawa ileile ikiuzwa kwenye gunia. Hata hivyo kinahitaji choo kisafi, njia isiyoteleza, na mtu anayeweza kueleza kwa lugha ya mgeni. Ndicho walichofanya Matamata kwa kondoo wao, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Nani hapaswi kuingia? Mwenye mahitaji ya fedha ya kila siku. Hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30, nyingine 60, na zinataka risiti ya mashine ya EFD. Kikundi kisicho na akiba ya kuvumilia miezi miwili kitavunjika kwa ugomvi kabla hundi haijafika. Tena tukumbuke mwaka 2020: waliokuwa wamepanda mboga za hotelini peke yake, zile ambazo sokoni Tengeru hakuna anayezijua, walibaki nazo. Aliyekuwa na kabichi, nyanya na mayai alipata pa kuuza. Mimi nisingependa kuona zaidi ya theluthi moja ya shamba la familia inategemea wageni, hata filamu iwe tamu vipi.

Kalenda nayo ina maneno yake. Mbuga za kaskazini hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba. Viazi huchukua miezi mitatu hadi minne, hivyo vya kuuzwa Julai vinapandwa Machi, mvua zikianza. Aprili na Mei wageni ni wachache, loji nyingine hufunga kwa ukarabati, na mtunza stoo ana nafasi ya kuzungumza. Huo ndio wakati wa kumwendea. Usianze kwa meneja. Mwulize mtunza stoo ni bidhaa gani aliikosa msimu uliopita ikabidi aiagize Arusha mjini kwa gari, na ilimgharimu kiasi gani kufika, kisha nenda nyumbani ukapige hesabu.