Shule ya Biblia ya Likizo, Kitale na Bungoma: Nani Aje Kufundisha, na kwa Bei Gani?

Barua za namna hii huwafikia wachungaji wa Kitale na Bungoma mwanzoni mwa mwaka. Kanisa fulani la Marekani lina vijana 12 wanaotamani kuja kuwafundisha watoto Biblia kwa siku tano: nyimbo asubuhi, hadithi ya Yona au Danieli, kazi za mikono, michezo, kisha chakula. Kamati hupiga makofi na mtu mmoja hukabidhiwa kazi ya kutafuta hema. Bei haiulizwi na mtu, kwa kuwa mlipaji ni mgeni. Mimi naiuliza, kwa sababu pesa zinazochangwa kwa jina la watoto wa Kiminini au Chwele ni pesa zao kwa namna fulani, na wana haki ya kujua zimetumikaje.

Tuanze na huyo mgeni wa mbali. Safari ya misheni ya siku 10 hadi 14 kutoka Marekani hadi magharibi mwa Kenya humgharimu msafiri mmoja, kwa kawaida, kati ya dola 3,000 na 4,500. Tuchukue dola 3,500. Kwa vijana 12 hiyo ni dola 42,000, na dola ikiwa Sh129, ni Sh5,418,000. Tiketi za ndege peke yake, zikikadiriwa dola 1,400 kila moja, zinameza asilimia 40 ya pesa hizo. Zinazobaki zinagawanywa kati ya hoteli, gari la kukodi, bima, chanjo, dawa za kuzuia malaria na idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 kwa ada ya dola 30. Mara nyingi huongezwa siku mbili za kutazama wanyama kabla ya kurudi nyumbani. Siwalaumu kwa hilo, mradi safari ya Maasai Mara isiandikwe chini ya kichwa cha huduma kwa watoto.

Sasa tupige bei ya shule yenyewe, bila msafiri hata mmoja. Watoto 200, siku tano, kwenye uwanja wa kanisa. Haya ni makadirio yangu, na kila kamati iyabadilishe kulingana na soko lake. Uji na mandazi kwa Sh40 kwa mtoto kila siku ni Sh40,000. Chakula cha mchana cha githeri au ugali na maharagwe, kwa Sh80, ni Sh80,000. Walimu 14 wa kanisa wakipewa posho ya Sh500 kwa siku, ni Sh35,000, na siku mbili za mafunzo kabla ya kuanza ni Sh14,000 zaidi. Kreyoni, karatasi, gundi na mikasi ni Sh30,000. Hema, viti na spika ni Sh25,000. Maji safi, sabuni na sanduku la huduma ya kwanza ni Sh11,000. Ongeza Sh14,700 za vyeti vya tabia njema vya walimu wote, kwa Sh1,050 kila kimoja. Jumla inakaribia Sh250,000, yaani Sh1,250 kwa mtoto.

Posho ndiyo itakayozua maneno kikaoni. Atasimama mtu aseme kazi ya Mungu haina malipo, na huenda akawa ndiye aliyerudishiwa pesa za mafuta ya gari wiki iliyopita. Mwalimu wa Shule ya Jumapili wa Bungoma, aghalabu mama mwenye shamba na kibanda cha mboga, akiacha kazi zake siku tano anapoteza mapato ya siku tano. Ukimnyima Sh500 hujapunguza gharama ya VBS, yaani shule hii ya Biblia ya likizo. Umemtwika yeye hiyo gharama.

Weka hesabu hizo mbili pamoja. Hata tukikubali kwamba Sh5,418,000 za wageni zimebeba uji na kreyoni ndani yake, kila mtoto anagharimu zaidi ya Sh27,000. Pesa zile zingeendesha VBS ya kienyeji mara 21, kwa mfano kuanzia Kwanza na Endebess hadi Sirisia na Kabula, na chenji ingebaki.

Kati ya hesabu hizo mbili kuna chaguo ambalo kamati nyingi hulijua: kikosi cha kanisa la Nairobi. Basi la kwenda na kurudi hugharimu kama Sh3,400 nje ya msimu wa sikukuu. Malazi ya kawaida ya Sh1,500 kwa usiku, usiku saba, ni Sh10,500. Tenga Sh5,600 za chakula na Sh2,500 za matatu na bodaboda, na kila mtu anafika Sh22,000. Watu 12 ni Sh264,000. Ukijumlisha na VBS yenyewe unapata Sh514,000, au Sh2,570 kwa mtoto. Faida yake kubwa ni Kiswahili. Mji wa Kitale umechanganya Wabukusu, Wakalenjin, Waturkana, Wakikuyu na wengine, na uwanjani watoto wote hucheza kwa Kiswahili. Mwalimu wa Nairobi anaingia moja kwa moja kwenye hadithi. Anayefundisha kwa Kiingereza kupitia mkalimani anapoteza nusu ya saa yake, na utani unafika ukiwa umepoa.

Lakini nenda vijijini Bungoma, ukae na watoto wa gredi ya kwanza na ya pili, uone Kiswahili cha Nairobi nacho kinavyoteleza. Huko Kibukusu ndicho kinachofungua masikio. Hapa ndipo napendekeza chaguo ambalo sijaona kamati nyingi zikiliweka mezani: mgeni kutoka Mbale.

Mbale iko Uganda, kwa hiyo misheni hii ni ya ng'ambo kwa kila kipimo cha sheria. Ila Wamasaaba wa huko, ambao wengi huwaita Wagisu, na Wabukusu wa Bungoma husikilizana kwa lugha zao za mama. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Mwalimu anaondoka Mbale asubuhi, anavuka Lwakhakha au Malaba, na mchana anakula Bungoma. Akilala nyumbani kwa muumini, nauli na mchango wa chakula kwa juma zima havizidi Sh5,000 au karibu na hapo. Walimu 12 ni Sh60,000. Pamoja na gharama za VBS ni Sh310,000, yaani Sh1,550 kwa mtoto. Mtoto amemwona mgeni, amejua kuna Wakristo ng'ambo ya Mlima Elgon wanaomkumbuka, na ameielewa hadithi tangu sentensi ya kwanza.

Najua pingamizi lililopo. Pesa za Marekani haziwezi kuhamishwa hivi hivi. Bibi wa Ohio aliyetoa dola 200 amempa mjukuu wake asafiri, hakutoa kwa ajili ya uji wa Kimilili. Mjukuu akikaa nyumbani, dola hizo zinabaki mfukoni mwa bibi. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba baadhi ya vijana hao, wakishafika, huendelea kulipa karo ya mtoto mmoja wa sekondari kwa miaka. Ndiyo maana siwaambii wachungaji wakatae barua. Ninachosema ni kwamba VBS hizi mara nyingi ni bidhaa mbili katika mfuko mmoja: elimu ya mtoto wa Kitale, na malezi ya kijana wa Ohio. Zote zina thamani. Kila moja iandikiwe bei yake na mnunuzi wake.

Isitoshe, Bungoma si pori lisilo na wahubiri. Misheni ya Marafiki (Quaker) ilianza Kaimosi mwaka 1902 ikaenea hadi Lugulu, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hata kuliko Marekani iliyowatuma. Wakatoliki wana dayosisi Bungoma na nyingine Kitale, Waanglikana vivyo hivyo, na Wapentekoste wako kila kona. Walimu wapo. Kinachokosekana ni nauli, vitabu na mafunzo. Na VBS yenyewe haikuzaliwa safarini. Mwaka 1898, Bi Eliza Hawes wa New York aliona watoto wa mtaani wakizurura likizo, akakodi ukumbi wa kuuzia bia kwa sababu ndio uliopatikana, akawafundisha humo. Alikuwa akiwafundisha watoto wa jijini mwake.

Kalenda nayo ina bei. Makanisa ya Marekani hupenda Juni na Julai, shule zao zikiwa zimefungwa. Zetu wakati huo ziko katikati ya muhula wa pili. Kikosi kinachokuja Juni hukuta watoto wa chekechea na walioachwa nyumbani, au humlazimu mwalimu mkuu kutoa vipindi vya masomo, jambo ambalo mzazi hajaulizwa. Likizo ya Agosti ni ya wiki tatu hivi na inafaa, ila tazama mwaka. Mwaka ukiwa unagawanyika kwa mbili, Agosti ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na ng'ambo Wamasaaba wana imbalu yao. Wavulana wanazunguka na njuga kualika jamaa, kina mama wako jikoni, na hema lako litabaki na viti. Aprili ni likizo pia, lakini ni mvua na kupanda mahindi, na barabara ya udongo ya Trans Nzoia mwezi huo hukwamisha hata trekta.

Desemba ndiyo chaguo langu. Watoto wako nyumbani wiki nyingi, mahindi yamevunwa, maharagwe yapo, barabara zimekauka. Ubaya wake ni kwamba nauli ya basi kutoka Nairobi hupanda vibaya wiki ya Krismasi na tiketi za ndege kutoka ng'ambo huwa ghali kuliko wakati mwingine wote. Kwa hiyo fanya juma la kwanza la mwezi. Na kama unataka mgeni wa Marekani kwa bei nafuu, tafuta familia za Wakenya wa ughaibuni ambazo tayari zimekata tiketi za kuja kumwona nyanya. Nauli haihesabiwi kwa VBS, malazi ni kwa nyanya, na lililobaki ni kuwaomba siku tano. Watoto wao huenda wasijue Kibukusu, lakini wazazi wanajua.

Kitale au Bungoma? Kitale iko juu, kama mita 1,900, baridi yake ni ya sweta, hoteli ni nyingi kidogo, na uwanja wa ndege wa Eldoret hauko mbali. Kwa sababu hizohizo wageni hurundikana huko, na kuna mitaa ambapo mtoto mmoja huhudhuria VBS ya makanisa matatu katika likizo moja. Bungoma ni nafuu zaidi, iko kwenye barabara kuu ya Malaba, na vijiji vyake hutembelewa mara chache. Malaria ni kali zaidi huko. Ni moja ya kaunti nane zilizoanza kutumia chanjo ya malaria Kenya mwaka 2019. Mgeni asiyezoea anunue dawa na chandarua, na aweke gharama hiyo kwenye bajeti yake, isiwe ya kanisa mwenyeji.

Kuna gharama nyingine ambazo huonekana baada ya ajali tu. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto hata akiwa kanisani. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15 mmishonari aliyewadhulumu wasichana katika makao ya watoto aliyoyaendesha Bomet. Kila mgeni alete cheti cha polisi cha kwao, kila mwalimu wa hapa awe na chake, na asiwepo mtu mzima faraghani na mtoto peke yake. Halafu picha: chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ridhaa ya mzazi ni lazima, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Fomu ya kusainiwa ni shilingi kumi kwa mashine ya fotokopi. Na idhini ya dola 30 ni ya kuingia nchini, si kibali cha kazi. Anayepanga kukaa miezi akifundisha aulize Uhamiaji kuhusu pasi maalumu au kibali cha daraja la I cha shughuli za dini.

Kabla ya kujibu barua ile, mchungaji aombe bajeti ya kikosi kwa maandishi, atenganishe na macho yake nauli, utalii na watoto, kisha aulize masanduku ya mtaala yatatoka wapi. Seti za VBS za Marekani huweza kugharimu dola 200 na zaidi, nyingine zimejaa picha za theluji na nyangumi, na hulipiwa mizigo hadi hapa ilhali kreyoni zimejaa dukani Kitale. Pesa za chakula na posho ziingie kwenye akaunti ya kanisa mwezi mmoja kabla. Zisipoingia, kanisa litanunua mandazi kwa mkopo, na mama wa mandazi hadai Ohio.