Ugali Hauna Gluteni, Mashine Je?
Nina ugonjwa wa siliaki: nikila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili hushambulia utumbo wangu. Ugali, wali na muhogo kwa asili havina gluteni. Mbona basi tumbo liliendelea kujaa na kuuma?

Nilianzia mashineni. Mahindi yangu yalisagwa mara tu baada ya ngano ya mteja mwingine, na unga wake ulibaki ndani. Kisha mafuta: bhajia za dengu zilikaangwa karai moja na maandazi. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni hakivuki miligramu 20 kwa kilo, na hicho ni kiasi kidogo mno.

Nilipoepuka unga na mafuta hayo, maumivu yalipungua, hayakwisha. Mtaalamu wa lishe akaniagiza niandike kila ninachokula na saa ya dalili. Daftari likaonyesha chai ya maziwa, kisha maharage yenye vitunguu vingi. Laktosi ya maziwa na wanga wa vitunguu vinaweza kuchacha utumbuni, gluteni isihusike kabisa. Tuliondoa kimoja, tukakirudisha kidogo kidogo, ndipo kingine. Mtindi naumudu; glasi ya maziwa siiwezi.

Nawe unayeshuku ngano, pima damu kabla hujaiacha. Ukishaiacha, kipimo kinaweza kukuonyesha mzima ilhali unaumwa.